Gari la Mtaani Kwenye Treki: Mwongozo Kamili kwa Madereva wa Mwanza

Altezza ya injini ya 3S-GE, Mark II ya 1JZ, Impreza ya turbo, Mark X iliyoshushwa na kufungwa ekzosi kubwa: Mwanza tunayo magari haya, na mengi yaliongezewa nguvu kwa ajili ya sekunde chache tu za kukanyaga mafuta, maana barabarani hakuna nafasi ya zaidi ya hapo. Kwenye treki, yaani uwanja wa mbio za magari, utakanyaga, utafunga breki, utakata kona, utakanyaga tena, dakika 15 hadi 20 mfululizo. Breki, oili, maji ya rejeta, matairi, gia boksi na dereva mwenyewe watapata joto ambalo hawajawahi kulipata kati ya Buzuruga na Igoma. Karibu kila kinachoharibika wikendi ya treki kinaharibiwa na joto hilo, kwa hiyo maandalizi yote yanayofuata yanalenga kulipunguza, kulitoa nje ya gari, na kujua lini usimame.

Unakwenda wapi

Wengi wetu wa Kanda ya Ziwa tukitaka lami iliyofungwa tunavuka mpaka. Whistling Morans iko Athi River, nje ya Nairobi upande wa barabara ya Mombasa. Ukitoka Mwanza unapita Magu, Bunda na Tarime, unavuka Sirari, unaendelea Migori na Narok hadi Nairobi. Upande wa Uganda, Garuga karibu na Entebbe na Busiika kaskazini mwa Kampala zinajulikana zaidi kwa motokrosi na mbio za vumbi, na gari lililoshushwa litaacha bampa huko. Kama wenzako wanakodi eneo la sakafu ngumu hapa hapa na kupanga koni, hiyo nayo ni shule nzuri, tena kwa anayeanza naiona bora kuliko treki kubwa, kwa sababu mwendo ni mdogo na kona ni nyingi. Anayetaka kuandaa tukio la namna hiyo awasiliane kwanza na chama cha magari cha Tanzania, AAT, apate utaratibu wa vibali.

Kabla ya kulipa kiingilio, uliza kama kuna gari la wagonjwa lenye mhudumu, vizima moto na watu wa bendera kwenye kona, na kama kuna nafasi ya wazi pale gari likitoka nje ya lami. Ukijibiwa kwamba gari la wagonjwa liko njiani, usiingie mpaka ulione limeegeshwa.

Na naomba hili lieleweke vizuri: barabara ya Airport usiku si treki, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 si treki. Kuna bodaboda, kuna wavuvi wanaowahi mwaloni, kuna watoto. Kuendesha kwa hatari barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, na hata kama lisingekuwa kosa, wanaokufa mara nyingi si waliokuwa wanashindana.

Karatasi

Bima ndogo na bima kubwa kwa kawaida zote zinatenga mashindano na majaribio ya mwendo. Soma vipengele vilivyotengwa, kisha uende ukijua kwamba ukiligonga gari, unalitengeneza kwa mfuko wako. Ukivuka mpaka beba pasipoti, leseni, kadi halisi ya gari na kadi ya njano ya COMESA, na uandikishe gari kuingia kwa muda. Waliobadilisha injini waangalie kadi mapema: namba ya injini iliyomo ndani ya boneti ilingane na iliyoandikwa. Hilo lirekebishwe TRA wiki kadhaa kabla, maana pale Sirari hutaweza kulirekebisha.

Breki

Ukiwa na pesa ya kufanya kitu kimoja tu, fanya breki. Joto linalozalishwa kusimamisha gari hupanda kwa mraba wa mwendo: kusimama kutoka km 140 kwa saa kunazalisha joto mara nne ya kusimama kutoka km 70. Ukirudia hivyo kila baada ya nusu dakika, pedi za breki za bei ya chini zinaanza kutoa harufu, diski zinabadilika rangi kuwa buluu, na mafuta ya breki yanachemka. Yakichemka yanatoa mapovu, na kwa kuwa mapovu yanabonyea, pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Ndivyo breki zinavyofeli kwenye treki, ghafla, kwenye gari ambalo asubuhi lilikuwa zima.

Anza na mafuta ya breki. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205, DOT 4 kwenye 230, na DOT 5.1 kwenye 260. Hizo ni namba za mafuta yaliyotoka kwenye kopo lililofungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya kiwango kinachopimwa kimataifa, DOT 3 hushuka hadi 140 na DOT 4 hadi 155. Sisi tunaishi kando ya ziwa, hewa ina unyevu mwaka mzima, na mafuta yaliyokaa miaka mitatu kwenye kopo la breki hayastahili kuaminiwa. Mwambie fundi atoe yote, aweke DOT 4 mpya yenye kiwango cha juu au DOT 5.1, atoe upepo magurudumu yote manne mpaka mafuta yatoke safi bila povu. DOT 5 isiyo na nukta ni ya silikoni: usiiweke na usiichanganye. Kopo likishafunguliwa, kinachobaki usikihifadhi kwa ajili ya mwakani.

Pedi ziwe mpya au angalau zaidi ya nusu, na ubebe seti ya akiba ya mbele. Duka linalouza pedi za treki ni gumu kupatikana hapa, kwa hiyo ziagize mapema, na ukikosa, chukua zile za mtengenezaji halisi wa gari. Pedi bandia zenye boksi zuri ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Mpira wa breki wenye nyufa ubadilishwe, na pistoni za kaliperi zirudi kwa kusukumwa bila kukwama.

Pedi mpya lazima zizoeane na diski. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka na kisicho na watu, kwa mfano asubuhi mapema baada ya Kisesa ukielekea Magu, ukiheshimu vibao vya mwendo. Kutoka km 80, punguza kwa nguvu hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha ongeza tena, mara 8 hadi 10. Mwisho endesha dakika 10 bila kugusa breki sana ili zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga pedali wakati diski zina moto, kwa sababu pedi itaacha alama mahali pamoja na usukani utatetemeka kila utakapofunga breki.

Kuipooza injini

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Athi River imepanda zaidi ya mita 1,500. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapoteza karibu kiasi hicho cha nguvu, na hewa inayopita kwenye rejeta inabeba joto pungufu kuliko ingebeba pwani. Yenye turbo haipotezi nguvu nyingi, lakini turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kusukuma hewa ileile, na hewa inaingia kwenye injini ikiwa ya moto zaidi. Maji nayo, kwenye sufuria ya wazi hapa kwetu, huchemka karibu na nyuzi 96. Kinachozuia yasichemke ndani ya gari ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko wenye alama 0.9 au 1.1 ukichoka, gari litachemsha hata rejeta ikiwa mpya. Ni kifaa cha bei ndogo, kibadilishe.

Kuna jambo la magereji yetu ambalo nalipinga kila ninapolikuta: gari likichemsha, fundi anatoa themostati na kuitupa. Kwenye injini nyingi, ile themostati ina sahani ya chini inayoziba njia ya mkato ya maji wakati injini imepata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Mjini hutaliona tatizo, na ukienda polepole injini itakuwa ya baridi kupita kiasi. Kwenye treki itachemsha. Rudisha themostati halisi, weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, hakikisha kava la feni lipo na feni zote zinawaka, kisha osha mapezi ya rejeta kutoka nyuma kwenda mbele. Utashangaa wadudu waliojaa humo, hasa kama unaendesha karibu na ziwa wakati wa makundi ya wale wadudu wadogo wa ziwani.

Oili ibadilishwe kabla ya safari, na filta pamoja nayo. Kwa injini nyingi za Kijapani zenye umri, 5W-40 au 10W-40 inafaa kuliko nyepesi ya 0W-20 inayopendekezwa kwa kuokoa mafuta mjini. Kiwango kiwe kwenye alama ya juu ya dipstiki, kisizidi na kisipungue: kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu ikivuta hewa hata kwa sekunde mbili, beringi za krenki zinaumia. Injini nyingi za Subaru zimenoki namna hiyo.

Mwenye gia boksi ya otomatiki, na Mark X na Crown nyingi za hapa ni otomatiki, ajue kwamba mafuta ya gia boksi yakipita nyuzi 120 yanaanza kuchakaa haraka. Funga kipoozeo kidogo cha ziada mbele ya rejeta, na tumia gia za mkono ili isihangaike kubadilisha katikati ya kona.

Halafu petroli. Impreza za turbo na Altezza ya 3S-GE zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japan, ambayo kiwango chake cha oktani ni 96 kwenda juu. Ukitumia ya chini ya hapo huku presha ya turbo imeongezwa, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni inatoboka. Mwambie aliyeseti kontroboksi akupe mpangilio wa treki wenye presha ndogo na wakati wa plagi uliorudishwa nyuma. Utapoteza nguvu kidogo na utarudi nyumbani na injini. Nunua pia kidude cha OBD2, kinachosoma kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu, uone joto la maji na la hewa inayoingia. Geji ya kiwandani ya magari mengi inakaa katikati hata joto likiwa limeshapanda sana, na ikianza kusogea huwa umechelewa.

Matairi na miguu

Matairi ya mtumba yanatosha kwenda sokoni Kirumba, hayatoshi hapa. Angalia tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kupita miaka 6, liache nyumbani hata kama meno yamejaa. Angalia na herufi ya mwendo: S ni km 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Manne yawe ya aina moja. Tairi lenye kiraka ubavuni haliingii treki.

Springi zilizokatwa kwa gasi zitolewe. Chuma kilichopata moto ule hakina tena ugumu wake, na springi fupi inaweza kuruka kutoka kwenye kikombe chake gari likinyanyuka. Ukitaka gari lishuke, nunua springi fupi zilizotengenezwa hivyo pamoja na shokapu zake. Anayekaa Isamilo au Bugando anapanda na kushuka miamba kila siku, kwa hiyo bushi, boljointi na tairodi zake zikaguliwe gari likiwa juu, kwa kutikisa kila gurudumu kwa mikono miwili. Kisha fanya alaimenti mwishoni, baada ya kila kitu kingine kukamilika.

Nati za rimu zikazwe kwa spana yenye kipimo. Toyota nyingi za saluni ni 103 Nm. Rudia baada ya kila awamu, yaani kila kipindi cha dakika 15 hadi 20 ndani ya treki, rimu zikiwa zimepoa.

Vya kubeba

Helmeti ya bodaboda haifai. Tafuta yenye alama ya Snell SA, ambayo imepimwa kwa gari na kwa moto. Waandaaji wengine wanakubali ya pikipiki yenye alama ya M, waulize. Nguo za pamba za mikono mirefu, viatu vyenye soli nyembamba. Kizima moto kilichofungwa imara mahali unapofikia. Geji ya upepo, pampu, jeki na stendi mbili, oili lita mbili, mafuta ya breki, kulanti, kamba ya kuvutia na ndoano yake ikiwa tayari imefungwa. Turubai la kivuli na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

Asubuhi ya Jumamosi

Fika mapema, toa kila kisichofungwa ndani ya gari: mazulia, chupa, tairi la akiba, spika za buti. Chupa ikiviringika chini ya pedali ya breki hutapata nafasi ya kuitoa. Betri isitikisike. Kaa karibu na usukani kiasi kwamba mgongo ukiwa umegusa kiti, kifundo cha mkono kinafika juu ya usukani mkono ukiwa umenyooka. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi, andika.

Kwenye maelezo ya usalama kaa mbele. Bendera ya njano ni hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Nyekundu ni awamu imesimamishwa, punguza taratibu na ufuate maelekezo. Buluu ni mwenye mwendo zaidi yuko nyuma yako, mpe njia. Nyeusi ni wewe, ingia ndani. Njano yenye mistari myekundu ni lami inateleza. Ya miraba myeupe na myeusi ni mwisho. Tukio likiwa kando ya ziwa, usishangae kukuta lami imelowa asubuhi: ngurumo za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri. Subiri ikauke.

Ndani ya treki

Awamu ya kwanza usitafute mwendo. Mizunguko miwili ya mwanzo ni ya kuyapa matairi na oili moto wake na kuzijua kona. Tafuta kwenye kila kona alama tatu zisizohama: pa kuanza kufunga breki, pa kugeuza usukani, na pale gari linapogusa ukingo wa ndani. Mtu aliyesimama pembeni si alama, atahama. Koni na kibao ni alama.

Kona inaanzia nje, inagusa ndani, inatokea nje. Funga breki gari likiwa limenyooka, kwa nguvu mwanzoni, kisha legeza mguu taratibu kama unavyoshusha ndoo iliyojaa maji. Anayeachia pedali ghafla ananyanyua pua ya gari wakati hasa anapohitaji matairi ya mbele yashike. Gusa ukingo wa ndani kwa kuchelewa kidogo. Ukiugusa mapema utakosa lami wakati wa kutoka. Mafuta yanaongezwa kadiri usukani unavyonyooshwa. Na macho yaende mbele ya gari: ukiwa unafunga breki tazama pa kugusia, ukiwa unagusa tazama pa kutokea. Mikono inafuata macho.

Pua ikikataa kugeuka na kwenda moja kwa moja, usiongeze usukani. Legeza mafuta kidogo, subiri matairi yashike. Mkia ukitoka, tazama unakotaka kwenda, geuza usukani upande huo, na usiachie mafuta ghafla. Ukishaona linazunguka na hulipati tena, kanyaga klachi na breki mpaka lisimame kabisa. Magurudumu mawili yakitoka nje ya lami, nyoosha usukani na punguza. Kulivuta kwa nguvu kurudi ndani ndiko kunakopindua magari.

Anayekupita mwoneshe kwa mkono upande wa kupita na uinue mguu. Hapa hakuna mshindi, na hakuna kikombe.

Sikiliza mwili wako na gari lako kwa pamoja. Pedali ya breki ikianza kuwa laini au ndefu, awamu hiyo imekwisha kwako. Maji yakifika nyuzi 105, punguza, na yakiendelea kupanda, ingia. Ukikosa alama yako ya breki mara mbili mfululizo, umechoka. Ingia, vua helmeti, kunywa maji, kaa kivulini. Mchana kula chakula chepesi. Ugali mkubwa na sangara uwe wa jioni.

Mzunguko wa mwisho ni wa kupooza, gia ya juu, bila kugusa breki ila kwa lazima. Ukiegesha usivute hendibreki, maana pedi au viatu vya breki vinaganda kwenye chuma cha moto. Weka gia, weka jiwe. Turbo iachie injini ikiunguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Fungua boneti, lakini mfuniko wa rejeta usiuguse. Hapo hapo pima upepo wa matairi: yaliyoanza na psi 32 yanaweza kuwa 38 au 40. Yapunguze yote yawe sawa kwenye 34 hadi 36 yakiwa ya moto, kisha uone awamu inayofuata gari linavyoshika.

Jumapili na kurudi

Jumamosi jioni toa upepo kidogo kwenye breki za mbele, pima unene wa pedi, jaza oili. Jumapili wengi ndipo wanapogonga, kwenye awamu ya mwisho, wakitafuta sekunde moja huku miguu imechoka na pedi zimekwisha. Mimi nashauri awamu ya mwisho uiache kabisa kama una safari ya kurudi na gari hilohilo. Jaza matairi upya kwa kiwango cha barabarani, kaza nati, rudisha tairi la akiba, lala, na uondoke Jumatatu kukiwa kumekucha.

Ukifika Mwanza, mwaga oili kwenye beseni safi na ukate filta uifungue karatasi zake juani. Unga mweusi ni wa kawaida. Ukiona chenga zinazong'aa kwa rangi ya shaba, hizo ni beringi: usiiwashe injini hiyo tena mpaka fundi ashushe sampu na kuzikagua.